Ua la Kanga na Ua la Pamba

Kanga ina pindo, mji na jina. Wanaoiandikia hukimbilia jina, maana methali ina utamu wake, na ua likabaki bila msemaji. Mimi nataka kulizungumzia ua.

Hapa Kigongo, mkabala na Busisi, kanga nyingi ninazoziona zina maua: waridi, asumini, na mengine ambayo hata muuzaji hayajui. Yamechorwa kwa ustadi na rangi zimeshika. Lakini mengi yamewekwa kuziba nafasi tu. Ondoa ua, weka duara, na kanga haipotezi kitu. Kwangu hiyo ni kasoro.

Tuwatazame Wajapani, ambao viwanda vyao viliwahi kutuchapia kanga katika miaka ya 1950 na 1960. Zamani, mafundi wao wa Ise walikata maua kwa kisu katika karatasi ya magome ya mforosadi, iliyopakwa maji ya tunda la persimoni ili iwe ngumu. Karatasi ililazwa juu ya kitambaa, ukapakwa uji mzito wa mchele. Palipopita uji, rangi haikuingia. Kila kipande cha ua kilipaswa kushikamana na karatasi, la sivyo kingedondoka. Kwa hiyo fundi hakuweza kukata ua bila kulifikiria. Tena alikata maua ya kwao: mplamu, cheri, krisanthemumu.

Sisi je? Usukuma ni nchi ya pamba. Ua la pamba hufunguka likiwa na weupe wa maziwa, kesho yake hugeuka rangi ya waridi, kisha hudondoka na kuacha tunda lenye nyuzi. Kanga yenyewe hufumwa kwa pamba. Hata hivyo ni nadra kuliona ua hilo katika mji wa kanga. Mkulima wetu huvaa jasho lake likiwa limechorwa bustani ya mwingine.

Wapo watakaosema kwamba waridi ndilo linalopendwa. Sikatai; na asumini ya pwani, yenye harufu ya harusi, ina haki yake. Ila mnunuzi huchagua katika yale aliyoletewa. Mchoraji na amletee mama wa Kigongo ua la pamba, jeupe mjini na la waridi kwenye pindo, lililochorwa na mtu aliyewahi kusimama shambani. Akilikataa hapo, nitanyamaza.