Pembe za Mwenzake

Katika Green Hills of Africa, kitabu cha Ernest Hemingway cha mwaka 1935, wengi husifu mandhari ya Tanganyika. Mimi kilichonishika ni wivu. Anahangaika kumsaka tandala, hatimaye anawaangusha madume wawili; anarudi kambini na kukuta dume la mwenzake Karl lina pembe kubwa zaidi. Furaha yote imemwagika. Amelisema bila kujificha, nami nampa heko.

Ila wasaka nyayo amewabatiza majina ya utani, Droopy, Garrick. Hata M'Cola, mbeba bunduki aliyemchora vizuri, hasemi mengi. Kiswahili cha mwandishi kilikuwa cha kuombea maji. Nyama ikiiva motoni, ndipo wawindaji husemana kweli. Hapo ndipo nilipotaka kumsikia M'Cola.