Usarufi na Ukubalifu wa Sentensi ya Kiingereza: Mfano wa Kibuyuni

Mwanafunzi wa Kibuyuni, kijiji cha pwani karibu na Shimoni katika Kwale, akiandika katika insha yake ya Kiingereza "The water is full", yamkini mwalimu atampigia mstari mwekundu. Mstari huo unastahili kuhojiwa. Kisarufi sentensi haina kasoro: kiima kipo, kitenzi kimepatana nacho, kijalizo kiko mahali pake. Kosa lake, ikiwa ni kosa, ni kwamba Mwingereza hasemi hivyo. Yeye husema "The tide is in". Nyuma ya sentensi ya mwanafunzi mna "maji yamejaa", usemi wa watu ambao uvuvi wao na kilimo chao cha mwani hupangwa kwa kujaa na kupwa kwa bahari.

Wanaisimu walikwisha kuyatenganisha mambo haya mawili. Noam Chomsky alionyesha mwaka 1957 kwamba sentensi huweza kufuata kanuni zote za muundo na bado isiwe na maana. Mwaka 1965 akatofautisha usarufi, ulio suala la umilisi, na ukubalifu, ulio suala la utendaji. Tofauti hiyo ina manufaa makubwa. Hata hivyo, imejengwa juu ya msemaji wa kinadharia anayeishi katika jamii ya watu wasemao namna moja, na msemaji huyo ni vigumu kumpata Kibuyuni. Huko mtoto hukua na Kichifundi, Kivumba au Kidigo, akapokea Kiswahili Sanifu darasani, na Kiingereza juu yake.

Tena si mara ya kwanza kwa usemi wa kwao kupimwa kwa sikio la mbali. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. H. E. Lambert alipochapisha maelezo yake ya Kivumba mwaka 1957 na ya Kichifundi mwaka 1958, lahaja hizo zilikuwa zimekwisha kubaki nje ya kipimo. Sentensi iliyo ya asili kabisa kinywani mwa bibi ikawa kosa katika daftari la mjukuu.

Haifuati kwamba kila tafsiri sisisi itetewe. "I hear hunger", iliyotoka katika "nasikia njaa", nayo haivunji kanuni ya muundo, lakini humkwamisha msomaji asiyejua Kiswahili wala haimwongezei kitu. "Sorry" anayoambiwa mtu aliyejikwaa ni jambo jingine: Mwingereza huenda akadhani msemaji anakiri hatia, kumbe ni "pole" tu. Matumizi hayo yameenea mno Afrika Mashariki hata mtahini anayeyakosoa huenda ameyatumia mwenyewe asubuhi ile ile.

Uhakiki wa fasihi umekuwa mpole zaidi. Okot p'Bitek alipotoa *Song of Lawino* mwaka 1966, akiifasiri mwenyewe kutoka Kiacholi, methali na tamathali za Kiacholi ziliingia katika Kiingereza chake bila kubisha hodi, na wahakiki wengi wakaona humo nguvu ya utenzi. Kwa mtunzi huitwa mtindo. Kwa mtoto huitwa athari ya lugha mama. Itajibiwa kwamba Okot aliijua njia ya pili akaiacha kwa hiari. Jibu hilo ni la haki, lakini linahusu ujuzi wa mwandishi, si ubora wa sentensi, na alama hutolewa kwa sentensi. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, alama za insha zilihesabiwa katika kuamua mtoto aende shule gani ya sekondari.

Kwa hiyo msahihishaji ana maswali mawili, na la pili halijibiki kabla hajataja sikio analolitumia. Penye "I hear hunger" mstari mwekundu uko mahali pake. Penye "The water is full" ingetosha kuandika pembeni asemavyo Mwingereza, na alama zikaachwa kama zilivyo.