«Yeye» Haitoshi



Mara mingi kati yetu balisansie nasikia hii maneno: «Mambo ya "il" na "elle" ni ya Bazungu. Sisi tuko na "yeye", Kiluba pia haitenganishe mwanaume na mwanamuke, basi haituhusu.» Leo nataka kuikosoa, na naanza na kosa yangu mwenyewe.

Huko Kinkondja nilikuwa nauliza bauzaji ba samaki juu ya mauzo yao mu Kiswahili, kisha naandika ripoti mu Kifaransa. Kulikuwa muuzaji moja, soko yote inamuita mama, na mwenyewe anajiita vile. Lakini ku karata yake ya uchaguzi waliandika M. Basi mu ripoti nikaweka «il» toka mwanzo mpaka mwisho. Siku ya kuisoma mbele ya bantu, alikuwa pale, na Kifaransa anaisikia. Pembeni bantu bakacheka. Kisha akaniambia: «Mu Kiswahili ulinisemesha muzuri. Mu karatasi ukanigeuza.»

Nikajibu eti ni Kifaransa inalazimisha. Ilikuwa nusu ya ukweli. Kifaransa inalazimisha kuchagua, lakini mwenye kuchagua nilikuwa miye.

Ni kweli «yeye» inatuepusha na shida moja. Lakini kwetu nani anasalimia muntu kwa «yeye»? Tunasema papa, mama, na pale njo tunachagua. Na tukitaka kuzarau muntu, hatuna lazima ya «il»: tunasema «ile kintu», na tayari tumemutosha mu bantu.

Tena si ya Bazungu paka. Mu 2014, mahakama kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani la Kenya limupe Audrey Mbugua cheti kipya chenye jina hilo, bila alama ya jinsia. Mu hesabu ya bantu ya 2019, Kenya ilihesabu pia bale baliozaliwa na mwili usio wazi kama ni wa kiume ao wa kike: 1.524. Hayo ni mambo mawili tofauti, lakini yote mawili yanapita mu kisanduku cha karatasi.

Kuna benye kusema: «Miye naamini mwili, musinilazimishe kudanganya.» Hoja hiyo naiheshimu. Lakini ule mama hakuniuliza imani yangu juu ya mwili wake. Aliomba paka nisimuite mbele ya bantu kwa neno lenye soko yake haimuite. Sisi wenyewe, muntu akisahau «enjeniyeri» mbele ya jina letu, tunanuna, na tunataka atuamini bila kuona diploma!

Dawa yake ni ndogo. Uliza: «Nikuite namna gani?» Kama unaona haya kuuliza, rudilia jina, ao andika «la personne», inafaa kwa kila muntu.

Ripoti yangu ilikuwa imeshaenda. Niliomba kuisahihisha, wakanijibu kwamba kisanduku cha M kitabaki sababu ya karata ya uchaguzi. Sawa, kile kisanduku si changu. Sentensi zilikuwa zangu, na hizo nimezibadilisha zote.