Mfano ni Shahidi

Msomaji, mfano katika insha ni kama shahidi katika baraza. Mwenye madai hasimami mbele ya wazee akasema tu kwamba ng'ombe ni wake. Huleta mtu aliyemwona ng'ombe yule akizaliwa zizini. Mashahidi kumi waliosikia habari njiani hawamfikii mmoja aliyeona kwa macho yake.

Hapa Kabianga nimepata kusahihisha insha ya mwanafunzi aliyedai kwamba mashine huondoa kazi za watu. Alitaja viwanda vya Uingereza, motokaa za Marekani na meli za Ujapani, kisha akafunga kwa methali mbili. Lugha yake ilikuwa safi, lakini mifano ile ilipita kama wageni wasioketi, wala haikuthibitisha neno.

Naye hukaa karibu na mashamba ya chai! Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi, na kwa kawaida hulipwa kwa uzito wa alichochuma. Mashine ilipoingia shambani ilifanya kwa siku moja kazi ya mikono mingi, na aliyetegemea kilo zake akazikosa. Uchungu ukazidi hata mwezi wa Mei 2023 mashine kadhaa zikachomwa moto katika mashamba ya Kericho. Mfano huo una mahali, wakati, watu na sababu.

Tena, shahidi mwema huulizwa na pande zote mbili. Mwenye shamba atasema kwamba gharama za kuchuma kwa mikono zimempita. Mwandishi hana budi kumsikiliza, na hapo atalazimika kuyapima upya madai yake mwenyewe. Pengine ataandika kwamba mashine huwa balaa pale ambapo waliofanya kazi ile hawakutayarishiwa nyingine. Madai haya ni madogo kuliko yale ya kwanza, lakini yana nguvu zaidi, maana mfano wenyewe ndio uliomfundisha.

Tazama pia kazi ya Shaaban Robert katika *Wasifu wa Siti binti Saad*. Ili kuonyesha kwamba unyonge wa kuzaliwa hauzuii heshima, hakukusanya majina ya wanawake mia. Alimshika mmoja, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyeuza vyungu, kisha akawa mwimbaji aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Tukimfuata mtu mmoja hatua kwa hatua, tunasadiki.

Basi, ukiandika, chagua mfano unaoujua, ukae nao, uueleze mpaka mwisho. Kisha jiulize: je, mpinzani wangu aweza kuutumia kunishinda? Ikiwa aweza, usiufiche. Rekebisha madai yako kwanza, ndipo uite shahidi wako barazani.