Kibri cha Nafsi: Wimbo wa Narsinh Mehta na Al-Inkishafi

Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, iliwakutanisha Kilosa watu wawili wenye kujivunia nasaba: mwenye duka wa Kigujarati na mwungwana wa pwani. Huyu wa pili alikwisha kuijua Usagara zamani, kwa misafara. Baadaye tawi la reli likateremka Mikumi hadi Kidatu, na maduka na misikiti ikafuata. Kila mmoja, ndugu msomaji, kwao mna utungo wa kuikemea nafsi. Tuutazame kila utungo, na namna ulivyotumiwa.

Wa Mabaniani ni Vaishnav Jan To, wake Narsinh Mehta wa Junagadh, mshairi wa karne ya 15. Gandhi aliupenda hata ukawa wimbo wa mikutano yake ya sala. Itikadi yake si yetu. Narsinh alimwimbia Krishna, nasi hatuna wa kuabudiwa ila Mwenyezi Mungu. Lakini sharti alitoalo latugusa. Mja wa kweli huona uchungu wa mwenziwe, humsaidia, kisha moyo wake usijione. Uzito wote umo katika hiyo "kisha". Kutoa, wengi hutoa. Kusahau kuwa umetoa ndiyo kazi. Narsinh mwenyewe, yasimuliwa, alikuwa Brahmin akaenda kuimba majumbani mwa watu wa tabaka la chini, na jamaa zake wakamtenga.

Kasoro ya wimbo ni kuwa unahesabu sifa, na kila asikiaye sifa hujiona yumo. Karne kwa karne uliimbwa katika nchi ambayo wanyonge wale wale walifungiwa milango ya mahekalu.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakumwachia mtu mlango huo. Katika Al-Inkishafi hamsemi jirani wala hamsifu mcha Mungu. Ausemeza moyo wake mwenyewe, akaushika mkono hadi kwenye magofu ya Pate, penye popo wanaoning'inia na ndege waliolala katika vidaka vya vyombo. Kwa hukumu yangu, hii ni dawa kali zaidi, maana haina wa kusingiziwa.

Nasi tumeifanyaje? Twausoma utenzi huu kwa sauti nzuri, tukifika kwenye zile nyumba twajivuna: hao ndio wazee wetu! Kilichotungwa kuivunja nafsi tumekigeuza hati ya ukoo. Na huku twasimama saff moja na watu wa Kilosa, kisha tukirudi barazani twawaita watu wa bara.

Kijana wa Mikumi asiye na babu wa Pate wala sahani ya kaure huenda akausoma vizuri kuliko sisi. Yeye hana cha kulilia humo ila nafsi yake.