Kitabu Kimoja Kisikae Peke Yake

Mara nyingi wazazi wa parokia wanatuuliza: "Mwalimu, tukipata franka kidogo za vitabu, tununue vipi?" Wengine wamekwisha kupigilia ubao ukutani, chini ya msalaba, na juu yake wameweka Biblia, katekisimu na kitabu cha nyimbo. Sasa wanataka kuongeza vitabu vya historia na vile vya hadithi ambavyo watu wa vizazi vingi wamevisoma bila kuvichoka. Ni tamaa njema. Lakini kabla ya kutoa shauri yatupasa kuungama kosa letu, kwani shauri letu la kwanza lilileta uchungu katika nyumba moja.

Katika jamaa moja ya huku Maniema, baba wa nyumba alitaka kitabu cha historia kilichoandikwa kwa Kiswahili chema, ili wanawe wajifunze lugha na habari za nchi kwa pamoja. Tukamshauri Maisha ya Hamed bin Muhammed, yule aliyeitwa Tippu Tip. Hatukuongeza neno. Kitabu kikapatikana, kikasomwa jioni baada ya chakula, watoto wakakipenda sana. Siku moja mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja aliwapanga wadogo zake mstari mmoja uani, akawafunga shingoni kwa kamba za mgomba, akawatwika kuni vichwani, naye akatembea mbele na fimbo. Alikuwa Tippu Tip. Nyanya yao alikuwa ameketi hapo akimenya mihogo. Aliweka kisu chini, akatwaa mkongojo wake, akaenda kwa binti yake mdogo, wala hakurudi kwa siku nne. Nyanya ya mama huyo, ndiye aliyemlea, alikuwa amefungwa kamba ya namna ile katika utoto wake.

Yule baba akatujia usiku. "Mwalimu, kitabu hiki tukichome?"

Tulimjibu hapana. Lakini jibu hilo halitoshi, na ndiyo sababu tunaandika leo.

Tukiangalie kwanza kitabu chenyewe. Tippu Tip alikiandika Unguja katika uzee wake, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Mdachi mmoja, Heinrich Brode, akakitoa kwa herufi za kilatini pamoja na tafsiri ya Kidachi katika miaka ya 1902 na 1903. Mwenyewe alikufa mwaka 1905. Ni mojawapo ya vitabu vya kwanza ambamo mtu ameeleza maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu, na uzuri wake ni wa kweli. Sentensi ni fupi na safari zakwenda mbio. Mwandishi hajisifu kwa maneno makubwa: ahesabu tu siku, watu, bunduki na frasila za pembe. Msomaji hutembea naye, na asipoangalia atajikuta amefurahia ushindi wake kabla hajauliza alimshinda nani.

Hapo ndipo penye hatari. Tazameni habari za Utetera. Tippu Tip alisikia kwamba zamani binti wawili wa ukoo wa kitawala wa nchi hiyo walichukuliwa mateka. Basi akamwendea mzee Kasongo Rushie, mtawala wa huko, akadai kuwa yeye ni mjukuu wa mmoja wao. Mzee akafurahi kumpata ndugu aliyepotea, akamwachia utawala. Udugu ule ulimfaa mgeni kupita kiasi, nasi hatuuamini. Lakini mwandishi aueleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza namna alivyovuka mto. Wale binti walioibwa, ambao machozi ya nchi nzima yaliwafuata, wamegeuka kuwa ngazi ya mtu kupandia kiti. Na wale waliobeba pembe hadi pwani hawana jina hata moja. Kitabu hakisemi uongo kuhusu maumivu yao: hakiyasemi kabisa. Mtoto yule aliyefunga wadogo zake alikuwa amesoma vizuri. Alijifunza kile kitabu kilichomfundisha.

Kwa nini basi tusikichome? Kwanza, kwa sababu mambo hayo yalitendeka, na kuchoma karatasi hakumfungui mtu aliyekwisha kufungwa. Pili, ni ushahidi wa mkosaji mwenyewe, na hakimu mwenye akili hatupi ushahidi wa namna hiyo. Tatu, wengi wetu tumetoka pande zote mbili. Katika Maniema kuna jamaa ambamo babu mmoja alishika bunduki na babu mwingine alibeba mzigo, na Kiswahili tunachosalia nacho kilikuja katika njia ile ile ya misafara. Kosa letu halikuwa kukiweka kitabu katika nyumba ile. Kosa lilikuwa kukiacha peke yake.

Hili ndilo neno letu, ndugu wasomaji: kila kitabu cha bwana kiwekewe kando yake kitabu cha mtumishi. Mwenye kesi akisikilizwa peke yake, siku zote ana haki.

Lakini mtumishi aliandika wapi? Mtu aliyefungwa kamba hakuachiwa kalamu. Ni kweli. Hata hivyo huko kusini, Katanga, chini ya mabwana wengine, watumishi walifika siku ya kujiandikia. Mwaka 1965, katika mji ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, chama cha watu waliokuwa zamani maboyi katika nyumba za wazungu kilitoa historia ya mji wao. Mwandishi ni André Yav, na kichwa cha kitabu ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini maneno ya ndani ni Kiswahili cha Katanga, kama kinavyosemwa barabarani. Humo tunasikia habari za kuja kwa wazungu, za kazi, za vita, na za majina ambayo Waafrika waliwapa mabwana zao.

Hatutakisifu kupita kiasi. Tarehe huchanganyika, habari moja yaruka juu ya nyingine, na maneno yameandikwa bila kanuni moja, hata jicho lapotea. Mtaalamu Johannes Fabian alipokitoa tena mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, ilimpasa kwanza kusomewa maandishi hayo kwa sauti na Kalundi Mango, mtu wa lugha hiyo, ndipo maana ikatoka. Twaona humo fundisho kwa nyumba zetu. Kitabu hiki chataka kinywa na masikio. Kisomwe kwa sauti, polepole, na wazee wakiwapo, nao watasema: "Ndiyo, hata baba yangu alisema hivyo," au: "Hapana, hapo amekosea." Tippu Tip anaandika vizuri kuliko Yav, hatubishi. Lakini Yav anajua kitu ambacho Tippu Tip hakukijua: namna mlango unavyoonekana kwa mtu anayeingilia upande wa jikoni.

Vitabu hivi viwili ni vya historia. Je, hadithi za kubuni zina faida gani? Wazazi wengine huziona kuwa mchezo. Tunawaomba wakisome Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika yaelea angani, wala haimo katika ramani yoyote. Karama ataka kufundisha watu elimu ya sheria, na kwa ajili hiyo waziri Majivuno amshitaki. Karama ajitetea kwa siku sita, akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mema kwa taifa lao, wakalipwa gereza. Kitabu kina udhaifu wake: hotuba ni ndefu, na watu wake wamepewa majina ya tabia, hata twajua mwovu kabla hajafungua kinywa. Lakini katika fasihi ya Kiswahili hatukijui kingine kinachomfundisha mtoto vizuri zaidi kwamba mshitakiwa asikilizwe mpaka mwisho. Mtu aliyezoea kumsikiliza Karama siku sita ataweza kumsikiliza na Yav. Wengine watasema: mwandishi alikuwa Mwislamu. Alikuwa hivyo, naye aliipenda haki. Mkristo hapotezi kitu kwa kujifunza haki kutoka kwa jirani.

Hata hivyo tusiisifu hadithi bila kumsikiliza anayeishitaki. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354 na kufa akiwa askofu wa Hippo mwaka 430, aeleza katika Maungamo kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa Kartago katika utenzi wa Virgil, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, lakini hakujililia mwenyewe, aliyekuwa akifa mbali na Mungu. Shitaka hilo ni zito. Kumlilia mtu wa kitabuni hakugharimu kitu. Twaweza kulia juu ya wajumbe wa Kusadikika, na papo hapo tukamnyima mshahara msichana anayetutekea maji. Kwa hiyo tunataka Maungamo yawe juu ya ubao ule ule. Tippu Tip anaeleza maisha yake na hajihukumu hata mara moja. Augustino anaeleza maisha yake na hajiachilii hata kwa mapeazi aliyoiba ujanani. Baba akiweza, asome kurasa chache za huyu na kurasa chache za yule katika jioni moja, kisha awaulize watoto: "Ninyi mngependa kuandika maisha yenu namna gani?"

Kwa wale wanaosoma Kifaransa twaongeza Histoire générale du Congo ya Isidore Ndaywel è Nziem, iliyotoka mwaka 1998. Ni kitabu kinene, chenye kurasa zaidi ya mia tisa, nacho ni ghali. Jamaa tatu au nne waweza kukinunua kwa shirika. Hakisomwi kama hadithi: hufunguliwa ugomvi unapotokea, kwa mfano watu wakibishana juu ya mwaka au ukoo.

Vitabu vyenye migongo ya dhahabu, vinavyouzwa kumi kumi kwa urefu mmoja, tumeviona katika makabati ya kioo yaliyofungwa kwa ufunguo, na ufunguo umo mfukoni mwa baba. Hatuna la kusema juu yake, kwani hakuna aliyevisoma.

Turudi katika nyumba ile. Mtoto alipelekwa kwa nyanya yake kuomba radhi, akiwa amebeba yeye mwenyewe mzigo wa kuni kichwani. Bibi alipokea kuni, akakaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia: "Keti." Akamweleza jina la yule nyanya yake, jina la kijiji alichotekwa, na wimbo aliouimba akisaga mahindi. Dada mkubwa wa mtoto aliandika yote katika daftari la shule. Daftari hilo lina kurasa kumi na moja tu, na liko juu ya ubao, limebanwa kati ya Tippu Tip na Yav.

Bibi bado hataki Maisha ya Tippu Tip yasomwe yeye akiwa uani, nao wanamtii. Hukisoma akiisha kulala. Nasi twawaombeni, wazazi, kabla ya kutoa hata franka moja kwa kitabu cha historia, waulizeni kwanza wazee waliomo nyumbani wanakumbuka nini, mkaandike. Kitabu hicho hakiuzwi popote, na wenye kukijua wanatuacha kila mwaka.