Jabali Moja, Hulka Mbili

Tarehe 10 Aprili 1927, mpiga picha Ansel Adams alipanda hadi ukingo uitwao Diving Board, mkabala na uso wa jabali la Half Dome huko Yosemite, California. Alikuwa na kamera ya sahani za kioo, na alipofika mahali pa kupigia alikuwa amebakiwa na sahani mbili tu.

Ya kwanza aliipiga kwa filta ya njano. Mara akatambua kwamba picha ile ingeonyesha sura ya jabali bila ule uzito alioupata moyoni alipolitazama. Njano hukata sehemu tu ya mwanga wa buluu, kwa hiyo anga hutoka kijivu kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Kwa sahani ya mwisho akaweka filta nyekundu iliyokolea. Nyekundu huzuia karibu buluu yote: anga safi la mlimani halifikishi mwanga wa kutosha kwenye sahani, na picha ikichapwa, anga huwa karibu jeusi. Vivuli navyo hukolea, maana kivuli cha mchana huangazwa na anga hilohilo. Theluji na mwamba uliopigwa na jua hubaki viking'aa. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa *Monolith, the Face of Half Dome*.

Kutokana na kisa hiki ni rahisi kumwita Adams mtu wa hesabu na utulivu, aliyesomea piano na kuzoea mazoezi marefu. Upande wa pili huwekwa watu kama Galen Rowell, mpanda milima aliyelijua jabali lilelile kwa vidole vyake. Mwaka 1973 yeye na wenzake wawili waliupanda uso wa Half Dome bila kupigilia misumari mwambani, na jarida la National Geographic likaichapisha safari hiyo mwaka 1974. Rowell alibeba kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, akapiga picha huku akikimbia na kukwea. Mmoja wa akili, mwingine wa damu moto: ndivyo mgawanyo huu unavyosimuliwa. Mimi siukubali, na picha zao zenyewe zinaupinga.

Chukua picha ya Rowell ya mwaka 1981, upinde wa mvua juu ya kasri la Potala, Lhasa, Tibet. Alipouona upinde ule, haukuwa juu ya kasri. Akakimbia. Lakini miguu yake ilifuata fizikia: upinde hujipanga nyuzi 42 kuzunguka sehemu iliyo kinyume kabisa na jua, na kitovu chake hufuata jicho la mtazamaji. Ukisogea, nao unasogea. Kwa hiyo ipo sehemu ambapo mguu wa upinde utaonekana ukitua juu ya paa, na kazi ni kuifikia kabla mvua haijakatika. Asiyelijua hilo angeupiga upinde ulipo na kuridhika. Mbio zile zilikuwa hesabu tupu.

Na Adams je? Novemba 1941, jioni, alikuwa njiani karibu na kijiji cha Hernandez, New Mexico, alipouona mwezi juu ya makaburi ambayo misalaba yake ilikuwa bado inameremeta kwa jua la mwisho. Alisimamisha gari, akahangaika kutafuta kipimamwanga asikipate. Akakumbuka mng'ao wa mwezi, kandela 250 kwa futi ya mraba, na kutokana na namba hiyo akapata kipimo chake: tundu f/32, sekunde moja. Alipokuwa akigeuza filamu apige ya pili, jua likaiacha misalaba. Mtu wa utulivu aliokolewa na wepesi, ila wepesi huo ulitokana na namba aliyoiweka akilini kwa miaka ya kupima.

Ninavyoona, hulka huamua mahali ambapo msanii anafanyia uamuzi wake mkubwa. Rowell alipiga slaidi za rangi, na slaidi haisamehe: mwanga ukizidi, umezidi. Ndiyo maana alipenda filta zenye nusu nyeusi na nusu angavu, zinazopunguza mwanga wa anga palepale mlimani. Kazi yake iliishia uwanjani. Ya Adams ilianzia huko tu. Negativu ya Hernandez ilikuwa ngumu kuchapwa, sehemu ya chini ikiwa hafifu mno. Mwaka 1948 aliiongezea nguvu kwa dawa, na kwa miaka mingi aliendelea kuichapa upya, kila mara akilitia anga giza zaidi. Katika chapa za mwanzo mawingu mepesi bado yanaonekana juu ya mwezi. Katika za baadaye anga ni jeusi tii. Wapo wanaopenda hizi za baadaye. Mimi nachagua za mwanzo, kwa sababu ndani yake hali ya hewa ya jioni ile bado ipo.